Jumamosi Tatu za Mike Hailwood

Sisi watu wa pwani neno ajali tunalitumia kwa maana mbili. Maana ya kwanza ni msiba wa ghafla, kama vile gari kupinduka au chombo kuzama. Maana ya pili ni ile siku aliyowekewa mja, ambayo haitangulizwi wala haicheleweshwi. Ni nadra kumpata mtu ambaye maisha yake yalizikutanisha maana hizo mbili kama Mwingereza Mike Hailwood, bingwa wa mashindano ya pikipiki aliyefariki mwaka 1981. Ziko siku tatu katika maisha yake, zote Jumamosi, ambazo zatosha kutuonyesha alikuwa mtu wa namna gani na mwisho wake ulikuwaje.

Jina lake kamili lilikuwa Stanley Michael Bailey Hailwood. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1940 karibu na mji wa Oxford. Baba yake, Bwana Stan Hailwood, alikuwa tajiri wa biashara ya pikipiki. Alimpeleka mwanawe katika chuo cha mabaharia cha Pangbourne, lakini kijana hakukaa huko kwa muda mrefu, kwani moyo wake ulikuwa katika injini. Mwezi wa Aprili 1957, akiwa na umri wa miaka 17, alishindana kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Oulton Park, akawa wa kumi na moja.

Wako waliosema kuwa kijana huyu ananunuliwa ushindi kwa fedha za baba. Ni kweli kwamba baba alimpa pikipiki nzuri na mafundi hodari. Lakini fedha hainunui jicho la kuisoma kona wala mkono mwepesi, na mwaka 1961 wenye maneno hayo walinyamaza. Katika juma moja, kwenye mashindano makubwa ya Kisiwa cha Man yaitwayo TT, alishinda mara tatu: kwa pikipiki ya injini ya cc 125, ya cc 250 na ya cc 500. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Angeshinda na ya nne kama injini ya pikipiki yake ya cc 350 isingevunjika akiwa mbele, katika mzunguko wa mwisho. Mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa cc 250 akiendesha Honda ya Ujapani. Kisha, kuanzia 1962 hadi 1965, alitwaa ubingwa wa cc 500 miaka minne mfululizo kwa pikipiki za MV Agusta za Italia. Aliporudi kwa Honda alikuwa bingwa wa cc 250 na wa cc 350 pia, mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Jumla yake ni ubingwa wa dunia mara tisa na ushindi wa Grand Prix 76. Watu wakampa lakabu ya Mike Pikipiki.

Honda ilipojitoa katika mashindano hayo mwaka 1968, ilimlipa pauni 50,000 ili asiende kuwaendeshea wapinzani wake. Basi akageukia magari. Huko hakupata sifa kubwa kama za pikipiki, ingawa alikuwa bingwa wa Ulaya wa Formula 2 mwaka 1972. Lakini ni katika magari ndipo ilipotokea Jumamosi ya kwanza.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 3 Machi 1973, katika uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini. Mashindano yalikuwa ndiyo kwanza yameanza magari yalipogongana. Gari la Clay Regazzoni, dereva wa Uswisi, likashika moto naye yumo ndani, amefungwa mikanda, hana fahamu. Hailwood, ambaye gari lake lilikuwa miongoni mwa yaliyogongana, alitoka salama. Angeweza kukimbilia kando kama mtu yeyote mwenye akili zake. Badala yake aliuendea moto, akaingiza mikono ndani ya gari la mwenziwe na kuanza kufungua mikanda. Nguo zake zikashika moto. Akakimbia, akazimwa, kisha akarudi tena kwenye gari lile lile. Hakuondoka mpaka Regazzoni alipotolewa.

Inasimuliwa kuwa jioni ile aliporudi alikolala hakueleza lolote, na wa karibu naye walipata habari magazetini siku ya pili. Serikali ya Uingereza ikamtunukia Nishani ya George, ambayo hupewa raia kwa ushujaa mkubwa. Regazzoni aliishi miaka 33 zaidi baada ya siku ile.

Mwaka uliofuata, Agosti 1974, Hailwood mwenyewe alipata ajali mbaya katika uwanja wa Nürburgring, Ujerumani. Mguu wake ulivunjika vibaya na haukurudi kuwa kama zamani. Akaacha mashindano ya magari, akahamia New Zealand pamoja na familia yake. Watu wakaona kuwa mambo yamekwisha. Kumbe sivyo.

Ili msomaji aielewe Jumamosi ya pili, lazima kwanza aijue njia yenyewe. Kisiwa cha Man kiko katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland, nacho kina bunge lake na sheria zake. Zamani sheria za Uingereza zilipokataza mbio katika barabara za watu wote, kisiwa kile kilikubali kuzifunga zake. Ndiyo sababu TT ilianza huko mwaka 1907. Hakuna uwanja uliojengwa. Pikipiki hukimbia katika barabara zile zile ambazo siku nyingine hupitwa na mabasi na matrekta, na mzunguko mmoja una kilomita 60 na zaidi. Pembeni kuna kuta za mawe, milango ya nyumba na nguzo. Barabara ina mabonde na matuta, hata mwendeshaji katika sehemu ya Sulby hutikisika mpaka macho hayaoni vizuri mbele. Katika daraja la Ballaugh pikipiki huacha ardhi na kuruka hewani kwa magurudumu yote mawili.

Kisha kuna wanyama. Njia hupanda mlima wa Snaefell, ambako kondoo hulishwa na ukungu hushuka bila taarifa. Sungura hukatiza, na shakwe hutua barabarani. Karibu na Ballaugh wapo hata wallaby, wanyama wa Australia wafananao na kangaruu wadogo, waliotoroka bustani ya wanyama wakazaana vichakani. Kwa mtu aendaye kilomita 200 kwa saa, ndege mmoja anatosha. Tangu mwaka 1911, njia hiyo ya mlimani imeua waendeshaji zaidi ya 250. Baada ya Muitaliano Gilberto Parlotti kufa huko mwaka 1972, bingwa Giacomo Agostini alikataa kurudi, na wengine wakamfuata. Baada ya mwaka 1976, TT ikaondolewa katika orodha ya Grand Prix za dunia.

Katika njia hiyo ndipo Hailwood alipoamua kurudi mwaka 1978. Alikuwa na umri wa miaka 38, kichwa kinaanza upara, mguu ukichechemea, na miaka 11 ilikuwa imepita tangu ashindane hapo. Pikipiki za wakati huo zilikuwa na nguvu na magurudumu ambayo hakuyazoea. Wengi waliompenda walihofu kwamba shujaa wao angekuja kuaibika, au kufa. Hata pikipiki aliyopewa haikuwa ya kampuni kubwa yenye fedha nyingi, bali Ducati ya Italia iliyotengenezwa tayari na karakana ndogo ya Manchester. Mpinzani wake mkuu, Phil Read, mshindi wa mwaka uliotangulia, alikuwa na Honda.

Ikafika Jumamosi, tarehe 3 Juni 1978. Katika TT waendeshaji hawaanzi pamoja, bali hupishana kwa sekunde, na mshindi huamuliwa na saa. Read alitangulia kuondoka, Hailwood akaja nyuma yake. Watu walijazana kandokando ya njia na juu ya kuta, wengine wakiwa na redio masikioni. Mzunguko baada ya mzunguko habari zikawa ni zile zile: Ducati nyekundu na kijani inamkaribia Honda. Mwisho alimfikia Read barabarani, maana yake ni kwamba kwa hesabu ya saa alikuwa amekwisha mshinda. Baadaye injini ya Honda ikashindwa na Read akasimama. Hailwood akamaliza mizunguko sita, kilomita 364 kwa jumla, kwa muda wa saa mbili na dakika tano, mwendo wa wastani wa kilomita 174 kwa saa. Ushindi huo ulimpa ubingwa wa dunia wa TT Formula 1, nao ukawa ubingwa wake wa kumi. Wazee kwa vijana walilia machozi hadharani.

Lakini njia ile haikusahau kudai haki yake. Katika juma hilo hilo Mmarekani Pat Hennen alianguka vibaya, na wengi waliamini kuwa alipigwa na ndege. Hakufa, lakini hakushindana tena. Hailwood naye alirudi mwaka 1979, akashinda mara ya 14 kisiwani kwa pikipiki ya Suzuki, na katika mbio nyingine akashindwa na Alex George kwa sekunde tatu na nukta nne tu. Hapo akaona inatosha. Akafungua duka la pikipiki mjini Birmingham, akawa baba wa nyumbani.

Jumamosi ya tatu ilikuwa tarehe 21 Machi 1981. Haikuwa siku ya mashindano. Ilikuwa jioni ya kawaida, naye aliwapakia watoto wake wawili garini kwenda kununua samaki na chipsi kwa chakula cha usiku. Njiani, si mbali na nyumbani kwao, lori moja lilikata kugeuka mahali ambapo sheria hairuhusu kugeuka. Gari la Hailwood likaligonga. Binti yake mwenye umri wa miaka tisa alikufa pale pale. Mtoto wa kiume aliokoka. Baba akapelekwa hospitali, akakata roho siku mbili baadaye, tarehe 23 Machi, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 41. Dereva wa lori alitozwa faini ya pauni 100.

Watu wengi wakiisikia habari hii husema kuwa angalau angekufa mlimani, kwa heshima ya kazi yake. Maneno hayo hayana faida. Moto wa Kyalami, kuta za mawe za Kisiwa cha Man na kondoo wa ukunguni vyote vilimpita kwa sababu siku yake haikuwa imefika, na pia kwa sababu katika sehemu hizo alikuwa macho, na kila mtu aliyekuwapo alikuwa macho. Barabara ya kwenda kununua chakula ndiyo ambayo hakuna anayeihofu.

Na hapo ndipo maana mbili za neno letu zinapoachana. Ile siku iliyoandikwa hatuna uwezo nayo. Lakini lori linalogeuka pasipo ruhusa ni kazi ya mkono wa mtu, nalo lingeweza kungoja. Kila jioni barabarani tunapitana na watoto wa watu wanaopeleka chakula nyumbani. Aliyeshika usukani asiseme baadaye kuwa ilikuwa ajali tu, kabla hajajiuliza ni ajali ya maana ipi.