Papa Gregory wa 13: Mtu Aliyefuta Siku Kumi

Je, mwanachama mwenzangu, wajua kwamba sisi tunapomaliza chapati za Krismasi na kuanza kuwaza karo ya muhula wa kwanza, majirani zetu Wakristo wa Orthodoksi kule Ethiopia huwa bado hawajasherehekea? Siku yao ni tarehe 7 Januari, sawa na Waorthodoksi wa Urusi. Kujua sababu, yatubidi tumjue bwana mmoja aliyeitwa Ugo Boncompagni.

Ugo alizaliwa Bologna, Italia, mwaka wa 1502. Alisomea sheria, akaifundisha katika chuo kikuu cha mji huo, kisha akawa padri. Mwaka wa 1572 alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Gregory wa 13.

Siku hizo watu walitumia kalenda ya Julius Caesar, ambayo mwaka wake ulizidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Utasema, dakika 11 ni kitu gani? Lakini haba na haba hujaza kibaba. Kalenda ilikuwa imebaki nyuma ya jua kwa siku 10, na Pasaka ikaanza kupotea majira yake.

Gregory hakujifanya mjuaji. Alitumia hesabu za daktari Aloysius Lilius, zikakaguliwa na wataalamu, akiwemo Christopher Clavius. Februari 1582 akatoa amri. Watu wa Italia, Hispania na Ureno wakalala Alhamisi tarehe 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa tarehe 15!

Hesabu ilikuwa sawa. Taabu ilikuwa mwenye kuileta. Mwaka ule ule wa 1572 maelfu ya Waprotestanti waliuawa Ufaransa, naye Gregory akafanya ibada ya shukrani, hata akatoa medali. Wenzao wangemwamini vipi, hata akiwatajia tarehe tu? Uingereza ilikataa hadi 1752. Makanisa ya Orthodoksi nayo hayakutaka amri ya Roma, na kadhaa yangali na hesabu ya zamani. Tofauti sasa imefika siku 13.

Gregory alifariki mwaka wa 1585, akiacha Krismasi mbili.

Basi wenzangu, tukiletewa jambo la kweli, tulipime lenyewe kwanza, hata kama aliyelileta hatumpendi. Na sisi tunaotaka kuaminiwa, tuchunge matendo yetu, kwani doa moja laweza kuukatalisha ukweli kwa karne nzima.