Peni Moja kwa Juma

John Wesley alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, Uingereza, katika nyumba ya kasisi wa Kanisa la Anglikana. Alipokuwa Oxford, yeye na mdogo wake Charles walikutana na rafiki wachache kwa maombi, kujifunza Maandiko na kuwatembelea wafungwa. Wenzao waliwadhihaki kwa kuwaita Wamethodisti. Pamoja na juhudi hizo zote, Wesley hakuwa na amani moyoni. Jioni ya Mei 24, 1738, katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate, London, ndipo alipopata hakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake.

Mwaka uliofuata alianza kuhubiri uwanjani, karibu na Bristol, kwa wachimba makaa ya mawe na maskini wengine ambao hawakuonekana kanisani. Maelfu walimsikiliza. Lakini ni nani angewachunga watu hao baada ya mahubiri kwisha?

Jibu lilitokana na deni. Waamini wa Bristol walikuwa wamejenga nyumba ya ibada, na gharama zake hazijalipwa. Februari 15, 1742, walikutana kushauriana. Kapteni Foy alipendekeza kila mshiriki atoe peni moja kwa juma. Mwingine akapinga kwamba wengi hawakuwa na uwezo hata huo. Ndipo Foy akaomba akabidhiwe watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Angewatembelea kila juma, na asiye na kitu angemlipia yeye mwenyewe. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo.

Viongozi hao walipopita nyumba kwa nyumba, waligundua mambo makubwa kuliko peni. Mmoja alikutwa amelewa, mwingine akigombana na mkewe. Wesley alipopata habari hizo, alitambua kwamba huo ndio uangalizi aliokuwa akiutafuta. Baadaye kila kundi la watu wapatao kumi na wawili, lililoitwa darasa, lilikutana na kiongozi wake kila juma. Kila mmoja alieleza hali ya roho yake, wakaombeana, wakachangia maskini. Wengi wa viongozi walikuwa watu wa kawaida, wanawake kwa wanaume.

Mwaka 1763 Wesley alizuru Pembrokeshire, Wales, ambako injili ilikuwa imehubiriwa kwa miaka ishirini bila waamini kuunganishwa pamoja. Aliona kwamba wengi walioamshwa zamani walikuwa wamelala usingizi mzito kuliko ule wa kwanza.

Wesley alifariki Machi 2, 1791, akiacha washiriki zaidi ya 70,000 Uingereza na Ireland. Nusu karne baadaye, huko Portland, Marekani, msichana Mmethodisti aitwaye Ellen Harmon, ambaye baadaye alijulikana kama Ellen White, alishuhudia katika darasa la namna hiyo juu ya tumaini la kurudi kwa Yesu upesi. Alipokelewa kwa ubaridi. Utaratibu ulikuwa bado upo, lakini upendo uliouanzisha ulikuwa umepungua.

Maswali ya Kujadili:

1. Soma Mithali 27:23 na Wagalatia 6:2. Katika darasa lenu la Shule ya Sabato, nani hajaonekana kwa majuma kadhaa, na nani atamtembelea juma hili?

2. Foy alichagua walio maskini kuliko wote. Kundi lenu huwavuta akina nani, na huwasahau akina nani?