André Citroën: alitafuta motokari laini, akapoteza kiwanda chake

Mtu anayetoka Kolwezi kwenda Sandoa wakati wa mvua anajua bei ya njia mbaya. Resori zinakatika, amortisere zinavuja, na abiria anashuka akijishika mgongo. Nilipofanya safari hiyo nyuma ya gari lililojaa magunia, nilimfikiria Mfaransa mmoja aliyefariki zamani, ambaye jina lake bado linasomwa kwenye motokari: André Citroën.

Alizaliwa Paris tarehe 5 Februari 1878. Baba yake, Myahudi kutoka Uholanzi, alikuwa mfanyabiashara wa almasi. Mama yake alitoka Poland. Jina la ukoo lilitokana na babu aliyeuza ndimu Amsterdam. André alikuwa na umri wa miaka sita tu baba yake alipojiua. Hata hivyo alisoma hadi École Polytechnique, shule kubwa ya wahandisi.

Mwaka wa 1900, akiwa Poland, aliona magurudumu ya meno yaliyochongwa kwa umbo la V mbili. Alinunua haki ya kuyatengeneza. Hizo V mbili ndizo alama ya Citroën hadi leo.

Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alitengeneza makombora Paris, kwa wingi sana. Vita vilipokwisha, aligeuza kiwanda hicho na mwaka wa 1919 akaanza kutoa motokari. Kutangaza bidhaa alikujua kuliko wote: tangu mwaka wa 1925 jina lake liliwaka kwa taa kwenye mnara wa Eiffel.

Kongo pia iliingia katika matangazo yake. Oktoba 1924 motokari zake nane, zenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma, ziliondoka Colomb-Béchar, Algeria, zikiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Zilivuka jangwa la Sahara, zikapita kaskazini mwa Kongo, katika nchi ya Wamangbetu, hadi Kampala. Huko msafara uligawanyika mara nne, kisha ukakutana tena Madagaska mwaka wa 1925. Wazungu waliuita msafara wa kishujaa. Tusisahau kwamba mahali pengi wenyeji ndio waliowatengenezea njia, na majina yao hayakuandikwa kwenye motokari yoyote.

Citroën mwenyewe alibaki Paris, na pesa zikamponyoka mkononi. Alipenda kamari, na alipenda zaidi kukopa ili ajenge. Mwaka wa 1933 alibomoa kiwanda chake na kukijenga upya kwa ajili ya motokari moja tu, Traction Avant, iliyotoka Aprili 1934.

Motokari hiyo ilikuwa tofauti kabisa. Injini ilivuta magurudumu ya mbele. Bodi haikukalia fremu nzito ya chuma. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu. Badala ya resori za mabamba kama za malori yetu, iliwekewa nondo za chuma zinazojipinda gurudumu linapoingia shimoni na kujirudisha linapotoka. Mbele, kila gurudumu lilicheza peke yake, hivyo pigo la upande mmoja halikuhamia upande wa pili.

Lakini ilitolewa haraka mno. Zile za kwanza zilivunjika viungo vya mbele, wateja wakalalamika, wadai wakabisha hodi. Desemba 1934 kampuni ilifilisika, na Michelin, mdai mkubwa, akaichukua. Citroën alikuwa tayari mgonjwa wa saratani ya tumbo. Alifariki Paris tarehe 3 Julai 1935, akiwa na miaka 57, akazikwa Montparnasse. Traction, iliyommaliza, ilirekebishwa na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka wa 1957.

Miaka 20 baada ya kifo chake, Oktoba 1955, kampuni ilionyesha DS, motokari ya kifahari ambayo rais Charles de Gaulle aliitumia. Haikuwa na resori za chuma. Fundi Paul Magès aliweka kwa kila gurudumu tufe la chuma: upande mmoja gesi ya azoti, upande mwingine mafuta, katikati ngozi ya mpira. Injini ikiwaka, gari linajinyanyua lenyewe.

Ulaini huo nao unazeeka. Azoti inapenya kwenye mpira polepole, mwaka hadi mwaka, na gari linakuwa gumu kama mkokoteni. Mafuta mekundu ya DS za kwanza yalivuta maji na kuozesha mabomba kwa kutu. Tangu mwaka wa 1966 yakaja ya kijani. Anayenunua DS ya zamani awashe injini, asubiri ipande, kisha aikandamize nyuma kwa mikono. Isiposhuka hata kidogo, matufe yamekwisha, na hiyo bei ipunguzwe.