Lettow-Vorbeck: Jenerali aliyevuka Ruvuma Novemba 25, akaweka silaha chini Novemba 25

NOVEMBA 25 ni tarehe iliyojirudia mara kadhaa katika kumbukumbu za vita. Ndiyo siku ambayo majeshi ya Uingereza yaliondoka New York mwaka 1783 baada ya kushindwa na Wamarekani waliopigania uhuru wao. Ndiyo siku pia ambayo Barham, manowari ya Waingereza, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani katika bahari ya Mediterania mwaka 1941, na zaidi ya watu 800 wakaangamia.

Kwa Afrika Mashariki, hata hivyo, tarehe hiyo ina uzito wa aina yake, kwani iliyagusa maisha ya mtu mmoja mara mbili katika miaka miwili iliyofuatana. Novemba 25, 1917, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani katika koloni ambalo baadaye liliitwa Tanganyika, aliuvuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji iliyotawaliwa na Wareno. Novemba 25, 1918, kamanda huyo huyo alisalimisha silaha zake kwa Waingereza mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Mwaka huo mmoja ndio uliomjengea sifa ya jenerali asiyeshindwa. Ndio pia mwaka ambao wanavijiji na wapagazi waliulipia kwa maisha yao.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Machi 20, 1870 mjini Saarlouis, katika familia ya kijeshi ya Prussia, na hakuna kazi nyingine aliyowahi kulelewa kuifanya. Mwaka 1900 alipelekwa China kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 alitumwa Afrika Kusini Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia, akahudumu chini ya Jenerali Lothar von Trotha katika vita dhidi ya Waherero. Vita hivyo viligeuka kuwa maangamizi. Maelfu ya watu walisukumwa jangwani wakafa kwa kiu. Serikali ya Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba yaliyotendeka huko yalikuwa mauaji ya halaiki. Waandishi wengi wanaomsifu Lettow-Vorbeck kwa uungwana wake huupita ukurasa huu haraka. Huko ndiko alikojeruhiwa jicho la kushoto, na huko ndiko alikojifunza jinsi kikosi kidogo kinavyoweza kulihangaisha jeshi kubwa katika nchi kavu isiyo na barabara.

Alitia nanga Dar es Salaam Januari 1914. Ndani ya meli hiyo alikuwamo pia bibi mmoja kutoka Denmark, Karen Blixen, aliyekuwa safarini kwenda Mombasa na ambaye baadaye alipata umaarufu kwa vitabu vyake kuhusu Kenya. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka miezi saba baadaye, jeshi alilolikuta lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani 260 hivi. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingizwe vitani. Lettow-Vorbeck alikuwa na fikra tofauti kabisa: kwa kuwa koloni halingeweza kuwashinda Waingereza, basi liwashughulishe, ili kila mwanajeshi aliyepelekwa Afrika apungue kwenye uwanja wa vita wa Ulaya. Gavana alipingana naye kwa barua na kwa maneno, lakini kamanda akafanya alivyotaka.

Agosti 1914 vikosi vyake viliiteka Taveta, na doria zake zikaanza kutega mabomu kwenye reli ya Mombasa. Kisha ikaja Tanga. Novemba 2, 1914, meli za Waingereza ziliwasili huko zikiwa na wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu 1,000 hivi, wengi wao wakiletwa kwa reli kutoka Moshi. Mapigano makali yalipamba moto Novemba 4 katika mashamba ya minazi na mpira, ambamo makundi ya nyuki waliotibuliwa na risasi yaliwashambulia wapiganaji. Waingereza walirudi melini kwa fedheha, wakaacha ufuoni bunduki, rashasha na mamia ya maelfu ya risasi. Silaha hizo ndizo zilizowawezesha Wajerumani kuendelea.

Ushindi wa Jasini, karibu na Vanga, Januari 1915 ulimfunza jambo jingine. Alishinda, lakini akapoteza maafisa na risasi ambazo hakuwa na njia ya kuzirudisha, kwa kuwa manowari za Waingereza zilikuwa zimeufunga mwambao. Tangu siku hiyo aliepuka mapambano ya ana kwa ana kila alipoweza. Mizinga ya Königsberg, manowari iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, iliopolewa na kuburutwa nchi kavu. Dawa ya malaria ilipoadimika, magome ya mti wa kwinini yalichemshwa, na askari wakanywa maji yake machungu kwa kukunja nyuso.

Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliingia kutoka upande wa Kenya na jeshi kubwa, akawasukuma Wajerumani kutoka Salaita na Kilimanjaro hadi kusini mwa Rufiji. Aliiteka miji na reli, ila hakumteka adui yake. Wanajeshi wake wengi weupe walirudishwa kwao wakiwa wameshindwa na malaria na kuhara, na nafasi zao zikazibwa na askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda na Nyasaland pamoja na wengine kutoka Nigeria na Gold Coast. Hapo hoja ya Lettow-Vorbeck ya kuipunguzia Ulaya majeshi ilianza kudhoofika, maana wengi wa wanaume hawa hawangepelekwa Ufaransa kwa vyovyote.

Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Lindi, yalipiganwa mapambano makali kuliko yote ya vita hivyo. Kwa siku nne Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza watu 500 hivi, lakini wao ndio waliolazimika kuondoka kwa kuwa risasi zilikuwa zinakwisha. Kamanda akawaacha nyuma mamia ya wagonjwa na waliodhoofika, Wazungu kwa Waafrika, wachukuliwe na adui. Akachagua wenye nguvu, kama watu 2,000 wenye silaha pamoja na wapagazi, akashika njia ya Ruvuma.

Mahali walipovukia ni karibu na Ngomano, ambapo mto Lugenda unamwaga maji yake katika Ruvuma. Wareno walikuwa na kituo hapo chini ya Meja João Teixeira Pinto, afisa aliyekuwa amejipatia jina kwa vita vyake Guinea. Walitarajia adui atokee ng'ambo ya mto mbele yao. Wajerumani walivuka mbali kidogo na kituo, wakazunguka na kuwashambulia kutoka upande ambao haukulindwa. Teixeira Pinto aliuawa, kituo kikaanguka siku hiyo hiyo, na mamia wakatekwa. Jeshi lililovuka mto likiwa na njaa na karibu kuishiwa risasi lilipata chakula, dawa, bunduki mpya na shehena ya risasi. Laiti kituo hicho kingelindwa sawasawa, huenda vita vya Afrika Mashariki vingekwisha ile Novemba 25 ya kwanza.

Havikuisha. Kwa miezi kumi msafara ule ulizunguka Msumbiji ukifukuzwa na vikosi vya Waingereza na Wareno, na Julai 1918 ukaifikia Namacurra karibu na Quelimane na kuiteka. Haukuwa msafara wa wanajeshi tu. Wake wa askari walikuwamo na watoto wao, na wengine walijifungua njiani. Wapagazi walibeba risasi, vyungu na wagonjwa. Wengine walichukuliwa vijijini kwa nguvu, na ghala la kijiji lilipofikiwa, nafaka ilichukuliwa pasipo malipo. Nyuma yao wakaja Waingereza na mahitaji yale yale. Kijiji kilichopitiwa na majeshi mawili katika msimu mmoja hakikubakiwa hata na mbegu ya kupanda. Miezi ya mwisho homa kali ya mafua iliyoenea duniani mwaka ule ikaufikia msafara wenyewe.

Septemba 28, 1918, waliuvuka tena Ruvuma kurudi kaskazini, wakaambaa karibu na Songea, kisha wakageukia Rhodesia ya Kaskazini. Novemba 13 waliingia Kasama, siku mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, wasijue. Habari ziliwafikia kesho yake karibu na mto Chambeshi. Lettow-Vorbeck hakuamini upesi kwamba Ujerumani imeshindwa na Kaisari ameondoka madarakani. Alipothibitishiwa, aliongoza safari ya kwenda Abercorn.

Asubuhi ya Novemba 25, 1918, alijipanga mbele ya Jenerali Edwards na kusalimu amri akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168, bila kuwahesabu wapagazi. Bunduki nyingi zilizowekwa chini zilikuwa za Waingereza na Wareno.

Machi 1919 alipita chini ya lango la Brandenburg jijini Berlin akiwa amepanda farasi, akishangiliwa na taifa lililokuwa na njaa ya shujaa yeyote. Mwaka 1920 alifukuzwa jeshini kwa kuhusika na jaribio la kuipindua serikali lililoongozwa na Wolfgang Kapp. Alikuwa mbunge kuanzia 1928 hadi 1930, akala chakula cha jioni London na Smuts, adui yake wa zamani, na katika Vita Vikuu vya Pili akapoteza wanawe wawili. Wataalamu wa visukuku walimpa heshima ya ajabu: dinosaria mmoja aliyechimbuliwa Tendaguru, Lindi, alipewa jina lake. Kambi za jeshi la Ujerumani zilizoitwa kwa jina lake zilikuja kulipoteza baadaye. Alifariki Hamburg Machi 9, 1964 akiwa na umri wa miaka 93.

Upande wa Waingereza, makadirio ya wanahistoria yanaweka idadi ya wapagazi waliokufa karibu na 95,000, maelfu kwa maelfu wakiwa wametoka Kenya. Mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ilipata majina yake kutokana na kikosi chao. Kwa wapagazi wa Lettow-Vorbeck hakuna orodha kamili iliyowekwa.

Mwaka aliofariki, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti, na kwamba kila asiye na cheti alikabidhiwa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Wote, kwa mujibu wa simulizi hiyo, walikumbuka. Mpagazi hakuwahi kufundishwa gwaride, na malipo yale yalikuwa ya askari.