Lord Nuffield na Kiwanda Kilichoangukia Mikononi mwa Serikali

Walimu wengi waliofundisha sayansi katika miaka ya 1960 na 1970 walilifahamu jina la Nuffield kutokana na vitabu vya fizikia na kemia vilivyolibeba. Mwenye jina hilo hakuwa mwanasayansi wala mwalimu. Alikuwa fundi wa baiskeli, na shule aliiacha akiwa angali kijana mdogo.

William Morris alizaliwa Worcester, Uingereza, mwaka wa 1877, akalelewa karibu na mji wa Oxford. Alipotoka shuleni alijifunza kazi kwa muuza baiskeli mmoja. Haukupita muda mrefu akaomba nyongeza ya mshahara. Aliponyimwa, aliondoka na kuanza biashara yake nyumbani kwa wazazi wake kwa mtaji wa pauni 4. Kutoka baiskeli akaingia katika pikipiki, kisha magari, na mwaka wa 1913 gari lake la kwanza, Morris Oxford, likatoka. Hakutengeneza kila kipuri mwenyewe. Alinunua injini huku na ekseli kule, akaviunganisha Cowley.

Mwaka wa 1921 biashara ya magari ilidorora, na wenzake wakashikilia bei zao. Morris akazipunguza. Mwaka wa 1925 aliuza magari zaidi ya 50,000. Akatajirika, akapewa cheo cha Lord Nuffield, akagawa takriban pauni milioni 30 kwa hospitali, vyuo na utafiti. Hakujaliwa mtoto.

Sifa hizo anastahili. Lakini Morris alikuwa mgumu wa kugawana mamlaka. Kila mwaka alisafiri kwa meli hadi Australia, akakaa huko miezi kadhaa, na aliporejea alipangua yaliyoamuliwa. Leonard Lord, meneja hodari kuliko wote aliopata kuwaajiri, aligombana naye mwaka wa 1936 akaondoka, kisha akajiunga na mshindani wao, Austin. Hata Morris Minor, gari dogo lililotolewa mwaka wa 1948 na kupendwa hadi barabara za kwetu, Morris alilichukia alipoliona mara ya kwanza. Liliuzwa zaidi ya milioni moja.

Mwaka wa 1952 Morris na Austin ziliungana, na aliyeshika hatamu akawa Lord yuleyule. Ndoa hiyo ilikuwa ya jina tu: kila upande ulibaki na magari yake na wauzaji wake, wakinyang'anyana wateja. Morris alifariki mwaka wa 1963. Miaka mitano baadaye kampuni iliunganishwa na Leyland, mzigo ukazidi. Migomo ikaandama viwanda, na kufikia Desemba 1974 wakuu wa kampuni walikuwa wakibisha hodi serikalini.

Waziri Mkuu Harold Wilson angefanyaje? Zaidi ya wafanyikazi laki moja na nusu walitegemea kampuni hiyo, mbali na waliouza vipuri. Mwaka wa 1975 serikali ilinunua karibu hisa zote. Hata Margaret Thatcher, aliyepinga umiliki wa umma waziwazi, mwaka wa 1981 aliidhinisha pauni milioni 990 nyingine. Nchini Kenya, Leyland ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Thika kwa ubia na Serikali, kwa hivyo habari hizo hazikuwa za ng'ambo tu.

Wako wanaodai kwamba ni serikali iliyoiua kampuni ya Morris. Dai hilo silikubali. Serikali ilikabidhiwa mgonjwa mahututi, na ugonjwa ulianza enzi za mwenye mali mwenyewe, aliyeajiri watu hodari asiweze kuishi nao. Kosa la serikali lilikuwa jingine: kwa miaka ya kwanza ilitoa fedha bila kuthubutu kufunga hata viwanda ambavyo kila mtu alijua havina kazi.

Mwaka wa 1988 kampuni iliuzwa kwa British Aerospace kwa pauni milioni 150, kisha BMW wakainunua mwaka wa 1994. Mwaka wa 2000 BMW waliuza sehemu kubwa yake kwa pauni 10, na mwaka wa 2005 sehemu hiyo ikafilisika. Cowley walibaki nayo wenyewe, wakaendelea kuunda Mini huko. Wakfu aliouanzisha Morris mwaka wa 1943 kwa hisa za kampuni yake uliishi kuliko kampuni hiyo, ukaendelea kugharamia utafiti wa elimu.