Msiri: mwana wa mnunuzi wa shaba aliyekuja kuitawala Katanga

LUBUMBASHI. Mgeni anayetafuta kumbukumbu ya kurudi nayo nyumbani kutoka mji huu huonyeshwa msalaba wa shaba, wenye mikono minne mfano wa herufi X. Mingi ni kazi mpya, imeyeyushwa kwa ajili ya wageni. Ile ya zamani, iliyokuwa fedha kamili ya kununulia bidhaa na kulipia mahari, imetawanyika katika makumbusho na makabati ya wakusanyaji, mingi ikiwa Ulaya.

Kabla ya Wabelgiji, mtu mmoja alishika mlango wa biashara ya shaba hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Ni Msiri, Mwami wa Wayeke na mtawala wa Garenganze, aliyeuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891.

Hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa karibu na mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, magharibi ya Tabora, katika Tanzania ya leo, akapewa jina la Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyefuata shaba ya Katanga na kuirudisha Unyamwezi, ambako ilipendwa kwa bangili na mapambo ya miguu. Kijana alijifunza njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Alijua mapema kwamba anayeleta shaba Tabora hupata faida, lakini anayekaa karibu na machimbo ndiye anayepanga bei.

Katikati ya miaka ya 1850 alirudi Katanga, na safari hii akabaki. Alikuja na wafuasi wachache na bunduki, na bunduki ndizo zilizompandisha. Wasanga, wenyeji wa nchi yenye shaba, walikuwa wakisumbuliwa na Waluba. Ngelengwa akawasaidia kupigana. Hatua kwa hatua msaidizi akawa bwana wa waliomwita. Ilipofika karibu mwaka 1870 alikuwa amejitangaza Mwami, na baadaye mji wake wa Bunkeya, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, ukawa soko lililojulikana kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Benguela, kwenye Atlantiki.

Alichokikuta Katanga kilikuwa na umri wa karne nyingi. Makaburi yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia huko Sanga, katika bonde la Upemba, yana misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu muda mrefu kabla Mzungu yeyote hajafika. Misalaba ya awali ni mikubwa na michache. Ya baadaye ni midogo, mingi na inakaribiana kwa ukubwa, jambo linalowafanya wataalamu waamini kwamba kitu cha heshima kiligeuka taratibu kuwa fedha ya kuhesabiwa. Katika karne ya 19 ukubwa ulirudi: msalaba mmoja, ulioitwa handa, uliweza kukaribia kilo moja.

Utengenezaji wake unastahili kuelezwa, maana humo ndimo ilimo thamani yake kwa mkusanyaji. Kazi ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Watu walichimba mawe ya kijani, malakiti, wakajenga matanuri kwa udongo wa vichuguu, wakachoma makaa na kupuliza moto kwa mivukuto ya ngozi. Mukuba, kama shaba inavyoitwa huku, ulipoyeyuka ulimiminwa katika kalibu iliyochorwa kwa mkono mchangani. Uso uliogusa mchanga ulichukua umbo la kalibu. Uso wa juu ulibaki na mikwaruzo na mapovu. Mikono haikulingana kabisa, na kingo zilitofautiana. Hakuna misalaba miwili iliyo sawasawa.

Wakusanyaji wa Marekani wangelielewa jambo hili upesi. Senti zao za kwanza za shaba, zilizoanza kutolewa Philadelphia mwaka 1793, zilipigwa kwa mihuri ya chuma iliyochongwa kwa mkono, muhuri mmoja ukitofautiana na mwingine kwa nywele za sanamu au nafasi ya tarakimu. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kitabu kizima cha kuzipambanua, na wapo watu ambao kwa tofauti ya jani moja hulipa fedha nyingi. Lakini muhuri wa Philadelphia ulipiga sarafu nyingi kabla ya kupasuka. Kalibu ya mchanga huvunjika pale msalaba unapotolewa.

Msiri hakuivumbua fedha hii, na sifa ya mafundi haimstahili. Alichofanya ni kukaa kati ya fundi na mnunuzi. Machifu walimletea kodi ya shaba, pembe za ndovu na chumvi, naye akapeleka bidhaa nje kwa njia mbili, mashariki na magharibi, akapokea vitambaa, baruti na bunduki. Wayeke walileta pia ufundi wao wa kuvuta shaba hadi ikawa waya mwembamba wa kusokotea mapambo. Alioa wanawake wengi kutoka koo alizotaka kuzifunga kwake; mmoja wao, Maria da Fonseca, alitoka Angola na alikuwa na damu ya Kireno.

Upande mwingine wa biashara hiyo haufichiki. Watumwa walikuwa miongoni mwa bidhaa zake, na wageni waliofika Bunkeya walikuta mafuvu ya watu yametundikwa mitini. Wasanga waliomkaribisha ndio waliochoka kwanza. Mwaka 1891 waliasi, na misafara ya baruti ikaanza kupungua.

Wakati huohuo Wazungu walikuwa wakisogea. Mmisionari Frederick Arnot, Mskoti, alipokelewa Bunkeya mwaka 1886. Mwaka 1890 alifika Alfred Sharpe kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, akiwa na mkataba. Msiri alikataa kuutia alama. Wajumbe wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji nao walikataliwa bendera yao. Baadaye Msiri alibadili mawazo na kumwandikia Sharpe, lakini barua hiyo ilinaswa njiani na msafara wa Leopold ulioongozwa na William Stairs, Mkanada, uliotoka pwani ya mashariki na watu zaidi ya 300.

Stairs alifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Mazungumzo yaliposhindikana alipandisha bendera bila ridhaa ya mwenye nchi, na Msiri akahamia usiku kijiji cha Munema, karibu na hapo. Tarehe 20 Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, alitumwa kumkamata. Aliingia uani na watu wachache, akamfyatulia Msiri risasi. Naye akapigwa na mmoja wa watu wa Msiri, akafa. Simulizi za Wayeke zinasema kichwa cha Mwami kilikatwa na kuchukuliwa. Mahali kilipo ni swali ambalo wazao wake hawajaacha kuliuliza.

Mrithi wake, Mukanda Bantu, aliachiwa sehemu ndogo tu ya nchi ya baba yake. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita akiandika hazina ya madini. Union Minière ikaundwa mwaka 1906, Lubumbashi ikaanzishwa kwa jina la Elisabethville mwaka 1910, na tanuri la kampuni likaanza kutoa shaba mwaka 1911. Matanuri ya udongo yalizimika. Katika miaka ya 1920 kiongozi wa Kanisa Katoliki, Jean-Félix de Hemptinne, alilazimika kuwakusanya wazee waonyeshe tena jinsi kazi ilivyofanywa, akaiandika.

Msalaba ulirudi mwaka 1960, Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, na waziri wake wa mambo ya ndani akawa Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri. Misalaba mitatu yenye rangi ya shaba iliwekwa kwenye bendera, na mwaka 1961 zikatolewa sarafu za faranga 1 na 5 zenye ndizi upande mmoja na msalaba upande mwingine. Katanga ilipokoma kujitawala mwaka 1963 zikaishia mikononi mwa wakusanyaji, ambako hupatikana kwa urahisi kuliko handa ya zamani. Hizo zilipigwa kwa mihuri ya chuma, na misalaba yake yote inafanana.