Seyyid Barghash: Mtawala aliyeleta mitambo Unguja

Ukitoka mjini Unguja kwa barabara ya Bububu, unapita kwanza magofu ya Marhubi, na mbele kidogo magofu ya Mtoni. Kasri la Mtoni lilikuwa la baba, Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake hapa kutoka Muscat na kuifanya karafuu kuwa zao kuu la visiwa hivi. La Marhubi lilikuwa la mtoto, Seyyid Barghash bin Said, na huyu ndiye tunayemzungumzia leo. Hakuna mtawala wa Unguja wa karne ile aliyenunua mitambo mingi kama yeye. Mkulima na mfanyabiashara wa sasa, ambaye kila msimu anashawishiwa kununua mashine mpya, ana sababu ya kutaka kujua ipi ilimfaa Barghash na ipi ilimla fedha.

Barghash alizaliwa 1837. Baba yake alipofariki 1856, utawala wa Unguja ulikwenda kwa kaka yake, Majid, jambo ambalo Barghash hakulikubali. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua, akashindwa, na Waingereza wakampeleka uhamishoni Bombay kwa kiasi cha miaka miwili.

Adhabu hiyo iligeuka shule. Bombay ilikuwa na reli tangu 1853, ya kwanza ya abiria nchini India, na mwaka 1860, Barghash akiwa huko huko, ilikamilika kazi ya kuleta maji ya bomba mjini kutoka ziwa la Vihar. Kwa maoni yangu, mengi aliyoyafanya baadaye yanaeleweka zaidi ukianzia hapo kuliko ukianzia safari yake ya Uingereza ya 1875, ambayo ndiyo husimuliwa sana.

Alishika utawala Oktoba 1870. Hali haikuwa nzuri. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu. Aprili 1872 kikaja kimbunga kilichong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu zake bandarini. Mkarafuu huchukua miaka sita au saba kuanza kuzaa, kwa hiyo hasara ile haikuwa ya msimu mmoja. Pemba, ambayo haikuumia sana, ikachukua nafasi ya kwanza katika zao hilo na haijaiachia hadi leo. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Waingereza walimlazimisha, kwa tishio la kuzingira kisiwa kwa manowari, kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Hapa tuseme ukweli ambao wasifu wake mara nyingi huuruka. Fedha zilizonunua mitambo zilitokana na ushuru wa pembe za ndovu na karafuu, na karafuu hiyo ilichumwa na watumwa. Mkataba wa 1873 ulizuia kuwasafirisha, haukuwaacha huru waliokuwa tayari mashambani. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba 1897, Barghash akiwa amekwisha kufa.

Mapato yenyewe yalikuwa na mipaka. Mikataba aliyoirithi kutoka kwa baba yake ilimfunga asitoze zaidi ya asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia. Forodha nayo ilikodishwa kwa mfanyabiashara aliyelipa kiasi cha mwaka kilichokubaliwa na kubaki na ziada. Kuanzia 1876 alikuwa Taria Topan. Mtawala wa namna hiyo hakuwa na fedha za kuchezea, lakini alinunua.

Alinunua meli za moshi, zikabeba mizigo na abiria kati ya Unguja na Bombay na kushindana na kampuni ya British India, iliyokuwa imeanza safari zake hapa 1872. Alileta mtambo wa kupiga chapa, na kuanzia karibu 1880 vitabu vya dini na sheria vikachapwa Unguja yenyewe. Mwaka 1883 likajengwa Beit al-Ajaib, jumba refu lenye nguzo za chuma, ambalo baadaye lilikuja kuwekwa umeme na lifti.

Kisha kulikuwa na reli. Ilianza kutandikwa 1879, kutoka kwenye kasri la mjini hadi kasri lake la Chukwani, kama kilomita 11 kusini. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye likaagizwa garimoshi dogo kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Mwenye kukijua kisiwa ataona kasoro mara moja. Mikarafuu iko upande wa kaskazini na kati: Bububu, Kizimbani, Dole, Mfenesini. Kusini kwa Chukwani ni ardhi ya mawe. Reli ya kwanza ya Unguja ilielekea mahali ambapo hapakuwa na gunia hata moja la kusafirisha. Ilibeba mtawala na watu wake kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Reli iliyoelekea Bububu ilikuja kujengwa na Wamarekani karibu 1905, nayo ilikoma kubeba abiria katika miaka ya 1920.

Maji ni habari nyingine kabisa. Kabla yake, watu wa mjini walitegemea visima vya maji ya chumvichumvi, ambavyo vilichafuka kwa urahisi, na meli zilipeleka mapipa Mtoni kuchota maji ya mto. Barghash alijenga mfereji na kulaza mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, upande wa kaskazini, hadi mjini. Wakazi walichota bure. Kwa mji uliotoka kuzika maelfu kwa kipindupindu, hilo lilikuwa jambo la uhai. Angalieni pia mtambo wenyewe: chanzo kiko juu ya mji, maji yanateremka yenyewe, hakuna makaa ya kuagiza Ulaya wala fundi wa kigeni wa kulipwa kila mwezi. Bomba likipasuka, fundi wa hapa hapa aliweza kuliziba.

Bure hiyo ilikuwa na gharama yake, ila haikuonekana kwa sababu mwenye kulipa alikuwa mmoja. Mamlaka ya Maji Zanzibar ilipoundwa kwa sheria ya 2006, kazi yake mojawapo ngumu ilikuwa kuwazoesha watu kulipia maji.

Miaka yake ya mwisho ilimwendea vibaya. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilisimama mbele ya kasri lake, na 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana kumwachia bara ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda ndani. Njia za pembe za ndovu zilizolisha forodha yake zikawa mikononi mwa wengine. Alifariki Machi 1888, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Oman.

Baada ya kifo chake reli iling'olewa na garimoshi likauzwa kama chuma chakavu. Meli yake Glasgow ilizamishwa na mizinga ya Waingereza Agosti 1896. Kasri la Marhubi liliungua 1899, na sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo. Maji ya chemchemi zile yaliendelea kuja mjini.